Risala ya Kikundi cha Familia za Wagonjwa wa Figo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Figo Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mfawidhi, Ndugu Mwenyekiti, wauguzi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru nawe, Mheshimiwa, kwa kuitikia mwaliko wetu, na hasa kwa kuja mwenyewe bila kutuma mwakilishi.

Kikundi chetu kilizaliwa kwenye benchi la kliniki, ndugu wakisubiri wagonjwa wao wamalize kusafishwa damu. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa: tuna akaunti benki, tuna mashine yetu ya kupima presha, na elimu ya figo tumeifikisha sokoni, misikitini na makanisani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio.

Wengi wetu tunatoka kwenye familia zenye ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya maji kwenye figo. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuurithi. Kipimo cha damu huchelewa kutushtua, kwani kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, inaweza kusomeka vizuri huku figo zimeshapoteza karibu nusu ya uwezo wake. MRI hupima ukubwa wa figo zenyewe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa figo hizi hutanuka kwa wastani wa asilimia 5 hivi kila mwaka, hata pale ambapo kazi yake bado haijashuka. Kipimo hiki hakina mionzi, na kwa kupima ukubwa tu hakihitaji dawa ya kuchomwa mshipani. Daktari akijua mapema figo za nani zinatanuka kwa kasi, presha itadhibitiwa mapema. Kipimo cha mkojo na ultrasaundi ndivyo vya kuanzia, nasi tunavihimiza, lakini ultrasaundi haiwezi kufuatilia kwa uhakika ongezeko dogo la mwaka hadi mwaka.

Yupo kati yetu binti ambaye mama yake yuko kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ultrasaundi imeshaona vivimbe kwake pia. Karatasi yake ya rufaa ya MRI imekunjwa na kukunjuliwa hadi imechanika, kwa sababu nauli ya kwenda jiji la mbali na pesa ya kipimo havijawahi kupatikana kwa pamoja.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Tulilisoma kwa mgeni rasmi aliyekutangulia, na kwa mwingine kabla yake. Wote walilipokea kwa moyo mkunjufu, tukawapigia makofi. Tuliambiwa “kabla ya bajeti ijayo”. Bajeti hiyo ilisomwa, ikafuata nyingine. Chumba kimejengwa, kuta zimewekewa shaba ya kuzuia mawimbi, lakini leo kinatunza magodoro na vitanda vibovu. Kwa heshima zote, tunakuomba kabla hujaondoka uagize ufunguo ukakione.

Safari hii tunaomba tarehe iliyoandikwa na jina la ofisi itakayowajibika. Tunaomba pia mtaalamu aliyesomea MRI na fungu la matengenezo, maana mashine isiyo na fundi itafungiwa humo humo na magodoro.

Nakala ya risala hii, pamoja na za miaka iliyopita, zimo kwenye bahasha iliyo mezani kwako.

Tunaomba kuwasilisha.