Barua kwa Mwanangu: Alasiri ya Abukir

Tanga

Mwanangu mpendwa,

Barua yako ya kutoka Portsmouth imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba ulipanda Warrior, manowari ya chuma iliyoshushwa majini mwaka 1860. Umeniuliza askari waliokuwa wakisafirishwa kwenda vitani waliona nini moyoni walipopita kando ya manowari kama hiyo. Swali lako nimekaa nalo siku kadhaa, na kila mara mawazo yangu yanarudi Misri, mwaka 1882, Waingereza walipoivamia nchi hiyo.

Tarehe 11 Julai mwaka huo manowari nane za deraya za Uingereza ziliipiga Alexandria kwa mizinga tangu asubuhi hadi jioni; mojawapo ilikuwa Inflexible, yenye mizinga minne ambayo kila mmoja ulikuwa na uzito wa tani 80 hivi. Lakini mizinga ya baharini hubomoa ngome tu, haiwezi kuishika nchi, ndiyo maana meli za abiria kama Orient zilikodiwa kubeba askari na farasi wao kutoka Uingereza.

Tarehe 19 Agosti meli hizo, zikiwa pamoja na manowari, ziliondoka Alexandria na kutia nanga katika ghuba ya Abukir, mashariki mwa mji huo. Jenerali Wolseley, mkuu wa jeshi la Uingereza lililotumwa Misri, alikuwa ameeneza habari kwamba angezishambulia ngome za hapo, na hata Jenerali Hamley, aliyekuwa chini yake, alikuwa ameagizwa kuandaa mpango wa shambulio hilo. Kumbe yote yalikuwa hila ya kumhadaa Urabi Pasha, kiongozi wa jeshi la Misri, kwa kuwa usiku meli ziling'oa nanga kimyakimya zikaelekea Port Said, na kulipokucha Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza.

Mimi namfikiria kijana aliyesimama kwenye sitaha alasiri ile, akizitazama manowari zile kubwa na kuamini kwamba kesho yake zingemfungulia njia ya kuingia Abukir. Hakuambiwa anakopelekwa. Alidanganywa sawasawa na adui yake, na hilo linaniuma, ingawa naelewa kwamba siri ile iliokoa maisha ya wengi wa upande wake.

Vita viliamuliwa Tel el-Kebir, alfajiri ya tarehe 13 Septemba, jangwani, mbali na manowari zote. Malkia Victoria naye alikuwa na mwana pale, Arthur, aliyeongoza brigedi ya walinzi wake, na telegramu ya kumjulisha kwamba kijana yuko salama ilimfikia Balmoral. Mama wa askari wa kawaida alingoja orodha ya majina gazetini. Waingereza waliouawa siku hiyo hawakufika mia moja, ilhali Wamisri walikufa kwa mamia na mamia, wengi wao wakiwa wana wa wakulima wa bonde la Nile, na tangu nilipoisoma barua yako ni mama zao ninaowawaza usiku.

Niandikie mara ufikapo bandari nyingine.

Mimi mama yako