Mwanangu, fyuzi ile nilikufundisha mimi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Morogoro. Sisi ni wazima. Mama yako anakusalimu, ila tangu Jumapili, pikipiki yako ilipowaka moto, usingizi wake ni wa mang'amung'amu, simu ya mtu yeyote ikilia anadhani ni habari zako. Picha ulizonitumia nimezitazama hadi nimezikariri.

Kwanza huo mkono ulioungua. Unasema wenzako wa kijiweni walikupaka dawa ya meno ukasikia ubaridi. Ubaridi ule ni wa muda mfupi, huku chini yake joto limefunikwa na uchafu umeingia kwenye kidonda. Kilichotakiwa ni maji safi yanayotiririka, dakika 20 bila kukatisha, kisha kitambaa safi na hospitali. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia, vyote hivyo viache. Malengelenge usiyatumbue. Na kesho asubuhi, kabla hujafikiria jambo lingine, nenda kituo cha afya. Huo ni mkono wa klachi, mwanangu. Vidole vikikaza utaendeshaje?

Sasa tuzungumze pikipiki. Unasema kijiweni wameamua kwamba moto ule ni kijicho, eti tangu uchukue mkataba kuna watu hawakutazami vizuri. Sitabishana nao. Ila nina miaka 22 katika ufundi huu, na nilichokiona kwenye picha zako nakijua.

Wewe mwenyewe ulinieleza kuwa siku 3 mfululizo, ukiitoa ndani asubuhi, ulisikia harufu ya petroli na sakafuni palikuwa na alama ya unyevu. Ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganywa na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, kuna floti, yaani boya dogo, na kuna sindano ndogo inayoziba njia ya mafuta floti inapopanda. Punje moja ya uchafu kutoka kwenye tanki ikikwama pale, sindano haizibi tena, mafuta yanafurika na kuchuruzika juu ya injini. Wakati mwingine ni mpira wa mafuta wenyewe, umekakamaa kwa jua ukapasuka pale unapobanwa na klipu. Vyovyote ilivyokuwa, petroli ilikuwa inavuja, na ulikuwa unapakia abiria juu yake.

Kinachowaka kwenye petroli ni mvuke, na mvuke huo hutoka hata petroli ikiwa kwenye friza. Tena ni mzito kuliko hewa. Haupai kama moshi, unashuka na kutambaa chini. Wewe ulikuwa kidato cha pili, lazima unaikumbuka tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka pale Msamvu, hapa Morogoro. Watu walikuja na ndoo na madumu, bodaboda wakiwemo, wakachota kana kwamba ni maji ya mvua. Mafuta yakalipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Tangu siku ile, nikisikia harufu ya petroli mahali isipotakiwa kuwepo, nazima kila kitu kwanza, kuuliza baadaye. Nilidhani nawe umelichukua hilo kwangu.

Basi mvuke ulikuwepo. Cheche je?

Hapa ndipo kalamu inaponiwia nzito. Ile picha ya nne, chini ya siti. Waya wa redio na taa za rangi umetolewa moja kwa moja kwenye betri, umeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Na mahali pa fyuzi hakuna fyuzi, kuna kipande cha waya wa shaba. Nimekitambua kwa mkunjo wake, ncha mbili zimerudishwa nyuma kama ndoana. Mkunjo ule ni wangu. Ulikuwa na miaka 9 au 10, unanishikia tochi bandani Kihonda, mteja ana haraka ya kwenda Dakawa, fyuzi imekatika na maduka yamefungwa. Nikakwambia, "Tazama fundi anavyomaliza kazi." Mteja akanisifu, ukafurahi mno. Ubaya wake sikukwambia, kwa kuwa niliona aibu kukiri mbele yako kwamba nimelipua kazi.

Nakwambia leo. Fyuzi imetengenezwa iwe dhaifu kuliko waya zote. Waya ukichubuka ukagusa chuma cha bodi, umeme wa betri unapita pale wote kwa mpigo. Fyuzi inakatika kufumba na kufumbua, pikipiki inazimika, unakasirika, unashuka kuisukuma, basi. Ukiweka shaba mahali pake hakuna cha kukatika. Waya unapata moto kama pasi, plastiki inayeyuka, moto unaushika waya wa pembeni. Na yote hayo yalikuwa yanatokea karibu kabisa na kabureta inayovuja. Fyuzi ikikatika tena baada ya kubadilishwa, kuna shoti mahali. Itafute mpaka uione, hata ukipoteza siku nzima ya hesabu ya mwenye pikipiki.

Kuhusu maji uliyomwaga, usijilaumu, kila mtu hukimbilia ndoo. Lakini petroli huelea juu ya maji, ndiyo maana uliona moto ukikimbia hadi kwenye banda la muuza chipsi. Ikitokea tena, Mungu apishe mbali, zima swichi, mshushe abiria, funga koki ya mafuta ikiwa mkono unaifikia bila kupita kwenye moto. Haifikiki, iache. Mfuniko wa tanki usiuguse. Tumia mchanga mwingi, au mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, ukipatikana, nawe usimame upande upepo unakotokea na kuulenga moto chini kwenye shina lake. Ukiona umeshakaribia tanki, ondoka, ondoa na watu, piga 114. Nguo ikishika moto usikimbie, lala chini ujiviringishe.

Wewe ulikuwa umeshatoka salama, ukarudi kuchukua simu iliyokuwa inachaji kwenye usukani. Mkono uliungulia hapo. Mama yako hili hajalijua, na sijui nitamwambiaje.

Mwenye pikipiki nitaongea naye mimi. Usimfiche habari ya ule waya. Kwa kuwa pikipiki ina bima ndogo tu, bima hiyo haitailipa pikipiki yenyewe, huangalia madhara ya watu wengine, na hapo muuza chipsi ana la kuuliza. Nenda ukampe pole mwenyewe, usitume mtu.

Nami huku nimeanza kuwafuata wateja wangu. Jana nilikwenda Mkundi kwa mzee mmoja niliyemfanyia hivyo mwaka juzi. Nikafungua siti, nikaukuta waya wangu umekaa vilevile, umepiga weusi kidogo. Nimeutoa, nimeweka fyuzi yenye namba ya kiwandani, na hela yake sikuichukua. Leo jioni naenda kwa wawili wa Kihonda. Wengine nawakumbuka sura tu, majina yao yamenitoka, kwa hiyo nitakaa barabarani niwasubiri wapite.

Nipigie ukitoka kituo cha afya.

Baba yako