Barua kwa mwanangu kuhusu jina la mjukuu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata, na salamu za mkazamwana zimenifikia. Mnauliza kama mtoto anayekuja apewe jina lenye herufi ya kizazi chake, ile iliyokwisha kupangwa kwenye kitabu cha ukoo wa baba yako, au mchague tu jina linalowapendeza, kama vijana wengi wa Korea wanavyofanya siku hizi. Umesema unataka jibu langu mimi, si la baba yako. Basi kaa kitako, maana sitajibu kwa neno moja.

Kwetu Tanga jina hurudi. Ali humzaa Salim, Salim akipata mtoto wa kiume humwita Ali, na mzee anafurahi kusikia jina lake likiitwa uani angali hai. Kwa Wakorea jina la babu halirudiwi, na hata kulitamka hivihivi ni utovu wa adabu. Unakumbuka ulivyofundishwa utotoni: ukiulizwa jina la baba, unalitaja silabi moja moja, kila moja na heshima yake. Kinachorudi kwao ni mzunguko. Kila kizazi kina herufi moja ya Kichina ambayo ndugu na binamu wote huichangia, hata wasioonana maisha yao yote, na ndani ya maandishi ya herufi hiyo imo alama ya kimojawapo kati ya vitu vitano. Maji hulea mti, mti huzaa moto, moto huacha udongo, udongo hutoa chuma, chuma huleta maji. Ndiyo maana wana wawili wa ukoo wenu, Kim wa Andong, wakikutana mahali, wakishatajiana majina wanajua nani amkie nani, na pengine mwenye mvi ndiye anayepaswa kumwita kijana baba mdogo.

Chukua majina ya watu wa ukoo wenu wanaojulikana na kila Mkorea, uyapange kwa vizazi. Hawakuzaana wote moja kwa moja, lakini herufi zao zinafuatana bila kukosea.

Anza na Kim Jo-sun. Sun ina maji. Binti yake aliolewa na Mfalme Sunjo mwaka 1802, na kuanzia hapo kwa miaka sitini hivi wafalme watatu mfululizo walioa mabinti wa ukoo huu. Mwanawe Jo-sun ni Kim Jwa-geun, na geun ina mti. Huyo naye akamlea kama mwana Kim Byeong-gi, na byeong ina moto. Wazee wakifika hapa sauti zao hupanda, kwa kuwa ndiyo enzi ukoo ulipoishika nchi mkononi. Mimi nataka mjukuu wangu asimuliwe na upande wa pili. Miaka hiyo wakulima walikuwa wakitozwa kodi ya jeshi kwa majina ya maiti, kwa sababu marehemu hawakufutwa daftarini, na vitoto vichanga viliandikwa kana kwamba ni wanaume wa kushika silaha. Mwaka 1862 watu wa Jinju walichoka, wakainuka, na maasi yakaenea wilaya baada ya wilaya huko kusini. Jina lilikuwa fahari kwa mabwana wa Andong na mzigo kwa mkulima.

Kisha zamu ya udongo, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Herufi ya kizazi hicho ilikuwa gyun. Kim Ok-gyun alizaliwa mwaka 1851. Desemba 1884, yeye na wenzake waliiteka serikali wakitaka watu wote wawe sawa mbele ya sheria na vyeo vya kurithi viondolewe. Fikiria, mtoto wa ukoo ulionufaika na vyeo hivyo kuliko koo zote! Serikali yao iliishi siku tatu, majeshi ya China yakaizima. Ok-gyun akakimbilia Japani, akakaa uhamishoni karibu miaka kumi, na mwaka 1894 akapigwa risasi Shanghai na Mkorea mwenzake. Maiti yake ilirudishwa nyumbani ikakatwakatwa, ikawekwa hadharani.

Na ukoo ulifanya nini? Uliogopa, tena nauelewa woga wao, kwani wakati ule kosa la uhaini lilifuata nyumba nzima. Wakaibadilisha herufi. Ndugu wa kizazi kile wakaacha gyun wakashika gyu, ili wasichangie chochote na yule mhaini. Lakini mzunguko haukuwaruhusu kutoka kwenye udongo: gyu huandikwa kwa alama mbili za udongo, moja juu ya nyingine. Mwaka 1910 Ok-gyun alitunukiwa cheo cha heshima akiwa kaburini.

Mwaka 1889, miaka mitano baada ya yale mapinduzi, huko Hongseong alizaliwa Kim Jwa-jin. Jina la baba yake, Hyeong-gyu, linaishia na ile herufi ya woga, na jin ya mwana ina chuma. Husimuliwa kwamba akiwa bado kijana aliwaachia huru watumwa wa nyumbani kwao na kuchoma hati zao. Watu wa namna hiyo wengi hawakuwa na jina la ukoo kabisa, wakaja kulipata usajili wa raia ulipoanza mwaka 1909. Kwa hiyo alichokitaka Ok-gyun kwa upanga wa siku tatu, Jwa-jin alikitenda uani kwake. Halafu akavuka kwenda Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, kupigana na Wajapani, na Oktoba 1920 akawa miongoni mwa makamanda walioshinda vita vya Cheongsan-ri. Aliuawa Januari 1930, naye kwa risasi ya Mkorea.

Miaka kumi baadaye utawala wa Japani ukawapa Wakorea miezi sita waandikishe majina ya Kijapani. Takriban familia nane katika kila kumi ziliandikisha. Wengi wa akina Kim waliificha herufi ya Kim, ambayo maana yake ni dhahabu na kwa Kijapani husomwa Kane, ndani ya jina jipya, wakawa Kanemura au Kaneda, na mwaka 1946 majina ya asili yakarudishwa. Usimhukumu aliyeandikisha, kwani bila jina hilo hata kumpeleka mtoto shule ilikuwa taabu.

Mwana wa Jwa-jin ni Kim Du-han, na han ina maji. Huyu alikuwa mbabe wa mitaa ya Seoul, kisha mbunge, na mwaka 1966 aliwamwagia mawaziri kinyesi bungeni kwa hasira ya kashfa ya magendo. Binti yake ni Kim Eul-dong, mwigizaji, naye akawa mbunge. Dong ina mti. Hapo nilisimama, kwa maana mabinti kwa desturi hawakupewa herufi ya kizazi, na vitabuni mwao waliandikwa kwa majina ya waume zao. Wala haikuwa hivyo tangu kale. Kitabu cha ukoo cha zamani kuliko vyote vilivyobaki Korea, cha akina Kwon wa Andong, cha mwaka 1476, kinawaorodhesha watoto kwa kufuata kuzaliwa, wa kike na wa kiume, na wajukuu wa upande wa binti wamo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mpeni herufi yake. Na akiwa msichana mpeni vilevile, hata mzee mmoja akikohoa. Sitaki aipokee kwa ajili ya wale wakwe wa wafalme peke yao. Naitaka kwa sababu mstari huo una Ok-gyun pia, na mtoto asiyeuchukua wote atakuwa amerudia kilekile walichofanya ndugu za Ok-gyun baada ya mwaka 1884.

Silabi inayobaki ni yenu. Mwambieni babu yako awape herufi tatu nne mchague, na mkague kwanza kwamba zimo kwenye orodha ya herufi za majina inayokubaliwa na Mahakama Kuu, msije mkarudishwa dirishani. Kusajili ni ndani ya mwezi mmoja tangu kuzaliwa. Hapa nyumbani nitamwita kwa jina la baba yangu akiwa wa kiume, na la mama yangu akiwa wa kike. Hilo sikuulizeni.

Mkazamwana asinyanyue vitu vizito. Nipigieni Jumapili baba yako akiwepo.

Mama yako