Shangazi, mjomba anataka nikifika Denmark nisirudi

Shangazi, habari ya siku nyingi. Unisamehe barua ni ndefu, lakini nisipoieleza yote hutanielewa.

Mimi ni kijana wa hapa Kisumu, kazi yangu ni programu za roboti. Najua ukisikia roboti unafikiria yale madude ya sinema, yetu ni kaboti kadogo tu kanakojiendesha kwa GPS ziwani huko upande wa Dunga kakipima maji na kuangalia gugu maji limeziba wapi, na gugu likinasa kwa propela tunaenda kukavuta na mtumbwi wavuvi wakituchekelea. Kanatumia ROS, softiwea ya bure ambayo watu wa roboti karibu dunia nzima wanaijua.

Sasa hawa watu wa ROS wana mkutano wao, ROSCon, ulianza 2012 huko Marekani na mwaka huu wa 2024 uko Odense, Denmark, kuanzia tarehe 21 hadi 23 Oktoba. Odense ndiko ilikoanzia Universal Robots, ile kampuni ya mikono ya roboti inayofanya kazi bega kwa bega na watu, kwa hivyo kwa mtu kama mimi huko ni kama Maka. Niliomba ufadhili nikapata, kiingilio na malazi vimelipwa, nauli nijitafutie.

Nauli ni laki na ushee na mimi sina. Mjomba ndiye anayo. Ana duka la hadiweya Siaya, na amesema atalipa yote, bora "nisiwe mjinga nikifika". Yaani nizamie huko, nitafute kibarua, halafu baadaye nimvute mtoto wake aliyemaliza fomu foo. Aliyasema haya mbele ya mama, na mama hakusema kitu, akaendelea tu kupakua samaki. Shosho naye ashatangazia majirani eti naenda majuu kuishi.

Mimi sitaki kuzamia, Shangazi. Kwanza nina kazi. Programu yetu bado iko kwa Noetic, ndiyo toleo la mwisho la ile ROS 1 ya zamani, na Mei 2025 wanaacha kuishughulikia, kwa hivyo lazima tuhamie ROS 2 iliyochukua nafasi yake, na wale walioandika hizo vitu watakuwa kwa hizo korido za Odense. Kuna rafiki ananiambia nitulie, video za mkutano huwekwa bure baadaye nitaangalia kwa simu. Ni kweli huwekwa, lakini video utaiulizaje mbona boti yako inazunguka duara upepo wa jioni ukianza? Halafu nikipotelea huko, kijana mwingine wa Kenya akiomba visa mwakani ataambiwa nini?

Na hiyo visa yenyewe ndiyo imenichanganya zaidi. Ni ya Schengen, ile visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada yuro 90, bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, na wanataka kuona stetimenti ya benki. Pesa ya mjomba ikiingia kwa akaunti yangu ghafla wiki moja kabla, wataona ni ya kuazima. Kwa hivyo nimeshauriwa yeye mwenyewe aandike barua kwamba ndiye ananigharamia na kwamba nitarudi. Sasa ona vituko, atie sahihi kwamba nitarudi na huku ananiambia nisirudi!

Ningesema nichukue tu, nirudi, tuonane huko mbele. Lakini huyo mjomba ndiye hulipia kitinda mimba wetu karo, akikasirika anayeumia ni mama. Sacco wanaweza kunikopesha nikipata wadhamini, ila hilo deni nitalilipa hadi nisahau Odense ilikuwa wapi. Harambee kanisani sitaki, maana nikirudi baada ya wiki moja kanisa zima litauliza kuliendaje.

Shangazi, nichukue pesa zake nikijua nitarudi, ama huo ni wizi? Nikimwambia ukweli, nianzie wapi, kwa sababu kwetu mjomba habishiwi, na mama nimtangulize ama nimuache nje? Nijibu haraka tafadhali, hii tiketi kila nikiangalia imepanda.

Fundi wa Boti, Kisumu