Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi: Ngome ya Daulatabad

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima, sisi wanachama wa Klabu ya Historia tunakukaribisha shuleni kwetu. Kilima cha udongo ulichokiona mezani ulipoingia ni mfano wa ngome ya Daulatabad, katika uwanda wa juu wa Deccan nchini India. Tumekifinyanga muhula mzima.

Ndugu Mgeni Rasmi, wafalme wa Yadava walioweka makao yao hapo karne ya 12 waliuita mji huo Devagiri, yaani Mlima wa Miungu. Kilima kina kimo cha mita 200 hivi. Ubavu wake ulichongwa ukawa wima kama ukuta, na chini yake likachimbwa handaki katika mwamba ule ule. Mtu huvuka kwa daraja moja jembamba, kisha huingia njia ya giza inayopanda ndani ya jabali kwa kona na ngazi zisizolingana. Asiyeijua alijikwaa huku walinzi wakimsubiri. Mdomo wa juu wa njia hiyo ulifunikwa kwa chuma, na adui akikaribia uliwashiwa moto. Malango ya chini yalipigiliwa misumari mirefu ili tembo wa vita wasiyasukume kwa vichwa. Njia hiyo ya giza ndiyo iliyotutesa. Ya kwetu iliporomoka mara tatu kabla ya kusimama.

Hata hivyo, ngome hii ilishindwa na ghala lake. Alauddin Khalji, jemadari kutoka Delhi, alipoizingira mwaka 1296, masimulizi ya kale yanasema kwamba magunia yaliyoingizwa haraka yakidhaniwa ni ya nafaka yalikutwa yamejaa chumvi. Mfalme Ramachandra akasalimu amri. Mwaka 1327 Sultani Muhammad bin Tughluq aliufanya mji huo makao makuu badala ya Delhi na kuupa jina la Daulatabad.

Lililotugusa zaidi, Ndugu Mgeni Rasmi, ni Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia katikati ya karne ya 16, akauzwa utumwani angali mdogo, akapitishwa Baghdad hadi Deccan. Mtoto huyo alikuja kuwa waziri mkuu wa Ahmadnagar, dola ya Deccan iliyomiliki ngome hii, akawazuia Wamughali, watawala wa dola kubwa ya kaskazini mwa India, kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 1626. Ukuta wa nje wa Daulatabad unaitwa Ambarkot, kwa jina lake. Wamughali waliitwaa ngome mwaka 1633, miaka saba baada ya kifo chake, na safari hii pia njaa ilikuwa imeingia ndani.

Tena Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alipita Daulatabad. Aliandika kuhusu mashimo ya wafungwa yenye panya wakubwa kuliko paka. Macho yale yale yaliona pwani yetu na jabali lile.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba utusaidie usafiri wa kwenda Kilwa Kisiwani, wanachama wote, tukaione Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, kwa macho yetu na kuipima kwa kamba. Udongo tunao, na nafasi mezani kando ya Daulatabad tumeshaiacha.

Tunaomba kuwasilisha.