Kuaga kwa Kihispania kumenishinda

Mhariri naomba kanafasi kidogo. Nimemaliza mwezi mmoja wa kusoma Kihispania ughaibuni, nilikuwa nakaa kwa familia ya wenyeji, na kusema kweli kuaga ndo kumenishinda kuliko hata zile ser na estar, vitenzi viwili ambavyo vyote maana yake ni "kuwa". Mama mwenye nyumba alinicheka wiki nzima nilivyokuwa nasema perro badala ya pero, yaani mbwa badala ya lakini, ila aliposikia sisi tunasema meza na bendera kama mesa na bandera za kwao (tulizipata kwa Wareno) akawa ananiuliza jina la kila kitu. Siku ya kuondoka nikasema adiós, yaani kwaheri, akakataa katakata, eti sema hasta luego, yaani tutaonana baadaye, utarudi. Kwenye teksi nililia kama mtoto.