Fundi hakuwa mwalimu

Kwa Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako tangu nikiwa kidato cha pili, enzi lilipokuwa likitufikia shuleni limechelewa siku mbili, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Nimemeza mengi. Lakini ile habari yenu ya Jumatatu wiki jana kuhusu mazishi ya kocha wetu wa mpira wa magongo, Fundi, mliyoibana chini ya uvumi wa nani anahamia klabu gani Uingereza, imenishinda kumeza.

Mlisema "mwalimu mpendwa" amezikwa kwa heshima kubwa. Fundi hakuwa mwalimu. Hakuwahi kushika chaki. Alikuwa mhudumu wa maabara, mtu wa kuosha mirija ya glasi na kutafuta vyura wa kupasuliwa, na ikifika saa kumi jioni alifunga mlango, akavua koti jeupe, akashuka uwanjani. Mnaweza kuona ni kosa dogo. Si dogo. Kwa kuwa hakuwa mwalimu, jina lake halikuandikwa kwenye fomu za michezo ya muhula wa kwanza hata mwaka mmoja. Liliandikwa la mwalimu wa michezo, ambaye gongo alilijua kama fimbo ya kuchapia. Kikombe kikija, anapigwa picha mkuu wa shule, anapigwa picha mwalimu wa michezo, na Fundi yuko nyuma kabeba gunia la magongo. Sasa kafa ndipo mnampa ualimu. Mshahara wake je?

Mimi nilikuwa kipa wake miaka mitatu. Pedi zangu za miguu alizishona mwenyewe kwa turubai, ndani akashindilia vipande vya godoro lililotupwa na bweni. Mvua ikinyesha zilikuwa nzito kama mbuzi aliyelowa. Gongo likipasuka alilifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akalirudisha likiwa imara kuliko lilivyotoka dukani. Kwa vifaa hivyo tulikwenda kukutana na shule zenye jina katika mchezo huu, na si mara zote tulirudi tukilia.

Historia ya magongo aliijua kama katekista anavyoijua katekisimu, na alitukaririsha. Kenya kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964? Nafasi ya sita. Barcelona 1971, Kombe la Dunia la kwanza kabisa? Nafasi ya nne, nyuma ya Pakistan, Uhispania na India. Avtar Singh Sohal, mchezaji wetu wa Kenya, alicheza Olimpiki ngapi? Nne, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Ukikosea, unazunguka uwanja. Na alikuwa na maelezo yake kuhusu mahali tulipopotelea. Mwaka 1976, kule Montreal, magongo ya Olimpiki yalichezwa kwenye nyasi bandia kwa mara ya kwanza, na Kenya haikuwepo, kwa kuwa nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga na makaburu wa Afrika Kusini. Moscow 1980 tukasusia tena. "Tuliporudi Los Angeles 1984," alikuwa akisema, "wenzetu walikuwa wanacheza mchezo mwingine, na sisi bado tunajua kokoto." Hakuwalaumu waliosusia Montreal, alisema makaburu walistahili. Alichokilaumu ni kwamba baadaye hakuna aliyehangaika kuyafikisha mazulia hayo ya nyasi bandia hadi mashuleni. Tangu Seoul 1988 hatujaonekana tena kwenye magongo ya Olimpiki. Mwandishi wenu angemuuliza mmoja wetu yeyote, angepata habari ya kujaza ukurasa. Hakuuliza. Nilimwona akiondoka mapema, kapanda gari la mheshimiwa.

Basi nikusimulie alichokikosa. Tulikuja wachezaji wa zamani 31, wengine kutoka Mombasa, mmoja kutoka Kampala na mtoto mgongoni. Tulikaa juani kwa sababu hema lilikuwa la wageni mashuhuri, na viti vya hema vilikuwa na vitambaa. Waheshimiwa walizungumza saa moja na dakika arobaini; nilitazama saa. Mmoja alieleza barabara aliyoleta. Mwingine alieleza barabara ambayo yule wa kwanza hakuileta. Wa tatu alimwita marehemu kwa jina lisilo lake, mara mbili, na hema likapiga makofi. Mimi nilikuwa nimebeba gongo alilonifungia mwaka wangu wa mwisho, tyubu ingali imeshika, nikitaka kuliweka juu ya jeneza. Sikutaka kuhutubu. Nilitaka hatua kumi tu za kwenda na kumi za kurudi. Mfawidhi akaniambia, "Dada, programu imejaa." Baadaye akatangaza kwamba sisi wote, watu 31, tumetengewa dakika mbili, tuchague msemaji, na asizungumze sana kwa sababu mvua inakuja. Mvua yenyewe haikuja. Nililirudisha gongo nyumbani kwa matatu, na kondakta akanitoza nauli ya mzigo.

Halafu tukatoka kutazama uwanja. Nusu yake ni bweni. Nusu iliyobaki ni maegesho ya basi la shule, basi zuri, limeandikwa ubavuni "Kipaji Hukuzwa". Msichana wa kidato cha tatu aliniambia kwamba hapo hajawahi kuona gongo, ila lile analotumia bawabu kufukuzia mbwa. Mkipata nafasi, andikeni kuhusu hilo pia, na kuhusu mazishi yaliyogeuzwa kampeni, ingawa hilo mtaandika hadi wino uishe.

Nasikia kuna mpango wa kuanzisha kombe la kumbukumbu yake. La nini? Fedha za kombe, za mahema na za maji ya chupa zinunue vifaa kamili vya kipa, helmeti na pedi zisizo na godoro ndani, viwili viwili kwa kila shule ya wasichana katika kaunti hii. Na akizikwa kocha mwingine, mfawidhi apewe filimbi na kadi ya kijani. Katika magongo, mwenye kadi ya kijani hutoka nje dakika mbili. Kila mheshimiwa akitaja barabara, aonyeshwe.

Naambatanisha picha ya Fundi. Ameinama akinifunga mkanda wa pedi, kwa hiyo uso wake hauonekani vizuri, lakini koti ni lile. Chini yake andikeni "mhudumu wa maabara". Mkishaitumia nirudishieni, sina nyingine.

Kipa wa zamani,
Bungoma